Mkono wa jirani kwenye kiti cha ndege: msomaji wa Tacoma anauliza kama ana kesi

SWALI

Ndugu washauri, salaam.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tacoma, jimbo la Washington. Nilikwenda Dallas kwenye msiba, nikarudi kwa ndege ya usiku hadi Seattle. Nilikaa dirishani. Kiti cha katikati alikaa mwanaume ambaye simjui, na kiti cha ujiani alikaa kijana aliyeweka vifaa masikioni tangu mwanzo. Taa zilipozimwa nikajifunika mtandio, usingizi ukanichukua.

Nilishtuka kukuta mkono wa yule mwanaume uko kwenye paja langu, upande wa ndani, juu ya suruali. Nikadhani naye amelala na mkono umemponyoka, nikajisogeza dirishani na kujikunyata. Baada ya muda mkono ukarudi. Safari hii nilikuwa macho. Ulipanda taratibu mpaka kinenani, ukabana. Mwili wangu uliganda, sauti haikutoka. Nilipopata nguvu nikasimama, nikaomba wanipishe, nikaenda nyuma kwa wahudumu. Kiingereza chenyewe kilinikimbia. Nilimwambia mhudumu tu kwamba sitaki kurudi kwenye kile kiti, naye bila kuuliza sana akanipa kiti cha wazi mstari wa nyuma. Nikiwa pale nilimwandikia dada yangu kwa intaneti ya ndege: "Huyu mwanaume wa pembeni amenishika, natetemeka." Tulipotua yule mtu akashuka na kwenda zake.

Sasa ni wiki mbili. Mume wangu ananiambia niachane nayo. Anasema sikuvuliwa nguo, sikupiga kelele, hakuna aliyeona, basi hakuna kesi hapo, ni aibu tu. Tena maombi yetu ya hifadhi bado hayajajibiwa, anaogopa kwamba tukijipeleka kwa FBI tunajitafutia balaa. Dada yangu anasema hili ni kosa la sheria ya shirikisho na mtu anafungwa.

Naomba mnieleze: ni kosa kweli kama mkono ulikuwa juu ya nguo? Adhabu yake ni nini? Nimechelewa? Suruali nimeshaifua, mtandio bado. Na maombi yetu ya hifadhi je?

Mwenye fadhaa, Tacoma

JIBU

Dada yetu, pole sana. Ulichoeleza ni kosa chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani, hujachelewa, na maelezo yako yana ushahidi zaidi ya unavyodhani. Kuganda mwili ni jambo linalowapata watu wengi wanaposhambuliwa. Sheria hii haimtaki aliyeguswa awe amepiga kelele, amepigana au amemsukuma mtu. Hakuna neno hata moja linalodai hivyo.

Kwanza ujue kwa nini ni sheria ya shirikisho. Makosa mengi ya ngono Marekani huhukumiwa na majimbo. Mtu akikushika kwenye basi la mjini, kazini au ghorofani unakokaa, utakwenda polisi wa mji na kesi itafuata sheria ya Washington. Serikali ya shirikisho ina mamlaka mahali maalumu: kambi za kijeshi, magereza ya shirikisho, meli zilizo baharini, maeneo ya makabila ya wenyeji wa Marekani, na ndege iliyo safarini. Kwa ndege, mpaka ni mlango. Safari huhesabiwa kuanza milango yote ya nje inapofungwa baada ya abiria kuingia, na huisha mlango mmoja unapofunguliwa ili abiria washuke. Kwa hiyo hata kama ndege ingekuwa bado imesimama uwanjani milango ikiwa imefungwa, mamlaka yangekuwa yale yale. Angekushika mnapopanga mizigo, mlango ukiwa wazi, hilo lingekuwa suala la polisi wa uwanja na sheria ya jimbo. Wewe mlikuwa angani. Sheria ya usafiri wa anga, kifungu cha 46506 cha Juzuu ya 49, inachukua makosa yote ya Sura ya 109A ya sheria ya jinai na kuyaingiza ndani ya ndege.

Sura hiyo ya 109A ilitungwa mwaka 1986 kuchukua nafasi ya sheria ya zamani ya ubakaji, na inatofautisha mambo mawili. La kwanza ni tendo la ngono, yaani kuingiliwa, hata kidogo kiasi gani, au mdomo kukutana na sehemu za siri. La pili ni mguso wa kingono, na lako limo humo. Kifungu cha 2246 kinasema mguso wa kingono ni kugusa kwa makusudi, moja kwa moja au juu ya nguo, sehemu za siri, njia ya haja kubwa, kinena, titi, upande wa ndani wa paja au makalio ya mtu yeyote, kwa nia ya kumdhulumu, kumdhalilisha, kumsumbua au kumshushia hadhi, au ya kuamsha au kutimiza tamaa ya ngono ya mtu yeyote. Mume wako asome hapo: juu ya nguo. Upande wa ndani wa paja umetajwa kwa jina lake, na kinena pia. Goti, bega au mkono havimo. Mtu akikushika goti shtaka linaweza kuwa la shambulio la kawaida, lakini si hili. Ndiyo maana mpelelezi atakuuliza mara mbili tatu mkono ulifika wapi hasa. Akikuuliza hivyo ujue hakutilii shaka. Anatafuta neno linalolingana na kifungu. Usione haya kutaja sehemu kwa jina lake au kumwonyesha kwa kidole mwilini mwako. Ukimwambia "alinishika huku chini" basi, taarifa itaandikwa kwa lugha isiyo wazi, na wakili wa utetezi atakuja kuitumia.

Mwanaume huyo anaweza kushtakiwa kwa vifungu viwili, kwa sababu alikushika mara mbili katika hali mbili tofauti.

Mara ya pili ulikuwa macho. Hapo kifungu cha 2244(b) kinatosha: mtu anayefanya mguso wa kingono na mwingine, akijua anachokifanya, bila ruhusa ya huyo mwingine. Kifungo chake ni hadi miaka 2. Hakihitaji nguvu, kitisho wala jeraha. Na kuna hoja moja ya utetezi ambayo katika jimbo lako haifiki mbali. Washtakiwa hupenda kusema, "Nilidhani ameridhika, mbona alikaa kimya?" Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, inayosimamia majimbo ya magharibi likiwemo Washington, iliamua katika kesi ya abiria wa ndege iliyotoka Tokyo kwenda Los Angeles kwamba serikali inapaswa kuthibitisha kuwa mshtakiwa alijua anagusa. Hailazimiki kuthibitisha kwamba moyoni mwake alijua hana ruhusa. Anayetaka kumgusa mtu asiyemjua ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha ameruhusiwa.

Mara ya kwanza ulikuwa umelala. Mtu aliyelala hawezi kuelewa anachofanyiwa wala kukataa, na hapo kinaingia kifungu cha 2244(a)(2), ambacho kifungo chake ni hadi miaka 3. Kinategemea kifungu cha 2242, ambacho tangu mwaka 2022 kimeongezewa pia kitendo kinachofanywa bila ridhaa, ikiwemo kwa kushurutisha. Ni mwendesha mashtaka atakayechagua kifungu, kwa kupima anachoweza kukithibitisha. Kwa maoni yetu mguso wa kwanza peke yake ungekuwa mgumu, kwa sababu atasema alilala na mkono ukaanguka. Mguso wa pili ndio unaoivunja hoja hiyo. Ulisogea, ukajikunyata, naye akakufuata, mkono ukapanda, ukabana. Mkono wa mtu aliyelala hauvuki mkono wa kiti kumfuata mtu aliyejisogeza, halafu ukabana kinena. Kwa hiyo unapoeleza, usiiunganishe miguso hiyo miwili kuwa mmoja. Eleza wa kwanza, eleza ulivyosogea, eleza muda uliopita kadiri unavyokumbuka, kisha wa pili. Mfuatano huo ndio utakaoonyesha nia.

Adhabu hupanda kulingana na namna kitendo kilivyofanywa. Mguso uliofanywa kwa nguvu, kwa kitisho cha kuua au kuumiza vibaya, au kwa kumlevya mtu, unafikia kifungo cha miaka 10. Aliyeguswa akiwa na umri chini ya miaka 12, kifungo cha juu cha aina nyingi za kosa hili hurudufishwa. Tendo la ngono lenyewe, mtu mzima akiingiliwa bila ridhaa, linaweza kufikia kifungo cha maisha. Faini kwa makosa haya makubwa inaweza kufika dola 250,000.

Hatutaki ukae ukingoja miaka 2 au 3 halafu usikie miezi. Majaji wa shirikisho huanzia kwenye mwongozo wa hukumu wenye ngazi. Mguso usio na ruhusa huanzia ngazi ya 12, ambayo kwa mtu asiye na rekodi ya uhalifu ni miezi 10 hadi 16. Akikiri kosa hushushwa ngazi mbili, inakuwa miezi 6 hadi 12. Mguso wa mtu aliyelala, ukiingia chini ya kifungu cha 2242, huanzia ngazi ya 16, yaani miezi 21 hadi 27. Jaji anaweza kwenda juu au chini ya hapo. Ila hakuna parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, katika mfumo wa shirikisho, na mfungwa hutumikia takribani asilimia 85 ya muda wake.

Uzito wa hukumu hauishii gerezani. Akishatoka, sheria inamweka chini ya uangalizi wa mahakama kwa muda usiopungua miaka 5, na unaweza kuwa wa maisha. Juu ya hapo huandikishwa kwenye daftari la wahalifu wa makosa ya ngono. Kwa kosa la namna hii dhidi ya mtu mzima ni miaka 15, inayoweza kupunguzwa hadi 10 akikaa vizuri. Ndiyo sababu mawakili wa utetezi hupigana sana ili mteja wao akiri shambulio la kawaida chini ya kifungu cha 113, ambalo kifungo chake cha juu ni miezi 6 na liko nje ya Sura ya 109A. Makubaliano ya namna hiyo hutokea. Lakini sheria ya haki za waathirika ya mwaka 2004 inakupa haki ya kuarifiwa kuhusu makubaliano, ya kuzungumza na mwendesha mashtaka, na ya kusikilizwa na jaji kabla hayajapokelewa na wakati wa hukumu. Mwambie mwendesha mashtaka mapema, tena kwa maandishi, kwamba unataka kuulizwa kabla hajakubali chochote. Usingoje akukumbuke.

Kuhusu muda: kwa makosa makubwa ya Sura ya 109A hakuna ukomo wa kushtaki. Wiki mbili si kitu mbele ya sheria. Ni ushahidi ndio unaopungua. Kila siku kijana wa kiti cha ujiani anasahau, mhudumu anapanda ndege nyingine kadhaa, taarifa za ndani za shirika la ndege zinapita muda wake. Kwa hiyo usikae tena wiki nzima ukifikiria.

Leo hii fanya haya. Chukua mtandio, usiukung'ute wala kuupiga pasi, uweke ndani ya mfuko wa karatasi, ufunge, uandike tarehe. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa sababu unahifadhi unyevu, na unyevu huotesha ukungu unaoharibu chembechembe za vinasaba. Suruali iliyofuliwa usiitupe, iweke kwenye mfuko wake peke yake na uwaambie ukweli kwamba imefuliwa. Tafuta pasi ya kupandia ndege, tiketi, na risiti ya intaneti ya ndege kama ulilipia. Ule ujumbe kwa dada yako ni mali. Uliandikwa dakika chache baada ya tukio, ukiwa bado unatetemeka, kabla hujamweleza mtu yeyote kilichotokea wala kufikiria viza au kesi. Wewe usiufute, dada yako asiufute, na wala msitosheke kupiga picha ya skrini. Wapelelezi watataka simu yenyewe, kwa sababu saa iliyorekodiwa ndani yake ndiyo inayoeleza ulikuwa angani. Dada yako naye ni shahidi.

Halafu kuna kile kiti cha nyuma. Hukumweleza mhudumu sababu, lakini alikuona, alisikia kwamba hutaki kurudi, akakuhamisha usiku katikati ya safari. Hilo linaweza kuthibitishwa na mtu asiye na upande. Liandike kwa mkono wako sasa: alikuwa mwanamke au mwanaume, alisimama wapi, ulimwambia maneno gani hasa, hata kama ni matatu. Andika namba ya kiti chako cha kwanza na cha pili. Wapelelezi hupata orodha ya abiria kutoka shirika la ndege, lakini orodha inaonyesha nani alipewa kiti, haionyeshi nani alikikalia. Watu hubadilishana viti ili kukaa na wenzao, na hapo ndipo mtu asiyehusika anaweza kupigiwa simu. Kwa hiyo eleza pia sura, umri wa kukisia, nguo, saa, begi, lugha aliyozungumza, alikunywa nini. Usijaribu kumtafuta mwenyewe mtandaoni wala kuweka habari yake Facebook au kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Ukiona picha zake kabla ya wapelelezi kukuonyesha picha za utambuzi, utetezi utasema ulimtambua kutoka mtandaoni.

Kuhusu kuripoti: makosa ya ngono ndani ya ndege huchunguzwa na FBI. Piga 1-800-225-5324 au jaza fomu kwenye tips.fbi.gov. Waweza pia kulijulisha shirika la ndege na kuliomba kwa maandishi lihifadhi taarifa zote za safari hiyo, ila usiishie hapo. Ofisi ya huduma kwa wateja inaweza kukupa pole na vocha, na hakuna kesi inayofunguliwa kwa vocha. Ukipiga FBI sema kwanza: "Nataka mkalimani wa Kiswahili." Usimtumie mume wako wala mtoto kukutafsiria. Mke hataji kinena chake mbele ya mumewe kwa uwazi ule ule anaoweza mbele ya mgeni, na neno likipotea hapo litakurudia mahakamani. Mahojiano hufanywa na mpelelezi, na unaweza kuomba awepo mtaalamu wa FBI wa kuwasaidia waathirika. Huyo wa pili hachunguzi. Kazi yake ni usafiri, ushauri nasaha, na kukujulisha kesi inakwendaje.

Katika mahojiano hayo kosa linaloua kesi nyingi ni kujaza mapengo. Ukiulizwa ilikuwa dakika ngapi na hukumbuki, sema sikumbuki. Ukiulizwa kama uliona uso wake wakati wa mguso wa pili na kulikuwa na giza, sema kulikuwa na giza. Usikuze jambo ili liaminike, na usilipunguze kwa aibu. Kumdanganya mpelelezi wa shirikisho ni kosa la jinai lenyewe. Lakini hata tofauti ndogo isiyo na nia mbaya, ulisema dakika tano huku na dakika ishirini kule, itasomwa kwa sauti mbele ya jopo la raia 12 ambao wote lazima wakubaliane ndipo atiwe hatiani. Kisheria ushuhuda wa mtu mmoja anayeaminika unatosha. Hakuna sharti la shahidi wa pili. Uaminifu wako ndio mzigo wote wa kesi hii, basi uulinde kuanzia neno la kwanza.

Sasa hofu ya mume wako, na si hofu ya kijinga. FBI wanachunguza kosa la yule mwanaume, na kuripoti uhalifu uliofanyiwa si kosa linaloharibu maombi ya hifadhi. Hata hivyo, kabla ya mahojiano zungumza na wakili yule yule anayeshughulikia hifadhi yenu. Mwulize jambo moja: kuna chochote kwenye jalada letu ambacho nikihojiwa nitagongana nacho? Tarehe, majina, safari za nyuma. Kama hamna wakili, tafuteni wakili wa uhamiaji mwenye leseni au shirika la msaada wa kisheria linalotambuliwa. Msimwendee mtu wa kujaza fomu mtaani.

Wakili huyo huenda akakutajia viza ya U, ya waathirika wa uhalifu wanaosaidia upelelezi. Mguso wa kingono wa dhuluma umo kwa jina kwenye orodha ya makosa yake. Yahitaji fomu I-918 pamoja na uthibitisho, Nyongeza B, uliotiwa saini na chombo cha sheria si zaidi ya miezi 6 kabla ya kuwasilisha, na lazima uonyeshe madhara makubwa ya mwili au ya akili. Viza hizo ni 10,000 tu kwa mwaka kwa waombaji wakuu, na foleni ni ya miaka mingi. Tunakuonya kwa dhati: usianze na viza. Usimwulize mpelelezi habari hiyo siku ya kwanza, na usiandike ujumbe wa simu kuhusu viza hiyo kwa mtu yeyote asiye wakili wako. Utetezi ukipata dalili kwamba uliripoti ili upate karatasi, hilo ndilo litakalokuwa swali lao la kwanza na la mwisho. Ule ujumbe wa angani ndio jibu lake, lakini ni vizuri lisilazimike kujibiwa.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wetu kutoka nyumbani hatulitarajii. Kesi ikifunguliwa si yako. Inaitwa Marekani dhidi ya fulani, na wewe ni shahidi. Wazee hawawezi kukaa wakaimaliza, na huwezi kuifuta kwa kusamehe. Mtu akikupigia kwa niaba yake, awe ndugu, mchungaji au shehe, akitaka muelewane kwa pesa ili usitoe ushahidi, usibishane naye. Hifadhi namba na ujumbe, mjulishe mpelelezi. Kumshawishi shahidi namna hiyo ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Fidia iko ndani ya kesi yenyewe: akitiwa hatiani chini ya Sura ya 109A, jaji analazimika kuamuru akulipe gharama za matibabu na ushauri nasaha, mishahara uliyokosa, nauli za kwenda mahakamani, na malezi ya watoto ukiwa huko. Anza leo kutunza risiti zote.

Kesi nyingi huisha kwa kukiri. Ikifika kusikilizwa utatoa ushahidi naye akiwepo, na mlango wa mahakama huwa wazi kwa umma, ingawa hati za mashtaka kwa kawaida hutaja jina lako kwa herufi za mwanzo tu. Hawaruhusiwi kuchimba historia yako ya mapenzi. Kanuni ya 412 ya ushahidi inazuia hilo isipokuwa kwa sababu chache sana. Upande wa pili, Kanuni ya 413 inaruhusu serikali kuleta ushahidi kwamba mwanaume huyo huyo alimfanyia mwingine jambo kama hili. Abiria anayeshika watu gizani pengine hakuanza na wewe, na taarifa yako yaweza kukutana na nyingine iliyolala kwenye jalada ikisubiri ya pili. Mwendesha mashtaka naye anaweza kuamua kutoshtaki. Akifanya hivyo mwombe akueleze sababu, na taarifa itabaki kwenye kumbukumbu.

Wasomaji wengine wanaoruka kwenda na kurudi Afrika Mashariki wajue kwamba mamlaka haya hayategemei rangi ya ndege. Ndege ya Kenya Airways inayotoka Nairobi moja kwa moja kwenda New York iko chini ya sheria hii, kwa sababu itatua Marekani. Ikirudi Nairobi, ikishatoka kwenye anga ya Marekani, hali inabadilika: ndege iliyosajiliwa Kenya inafuata sheria za Kenya, ambako kitendo kichafu dhidi ya mtu mzima kina kifungo cha hadi miaka 5 au faini ya hadi shilingi 50,000, au vyote. Popote ulipo, mwambie mhudumu papo hapo, kwa maneno matatu: "Mtu huyu amenishika." Mhudumu humwambia rubani, rubani huita polisi wasubiri mlangoni, na mtu anatambuliwa kabla hajachukua mzigo wake.

Dada, usiku ukikulemea kabla hujapiga FBI, simu ya msaada ya RAINN, shirika linalowasaidia walioshambuliwa kingono, 1-800-656-4673, iko wazi saa zote, na kuipiga hakukufungi kuripoti. Ukipiga FBI utaulizwa tarehe, shirika la ndege, namba ya safari, viti na kilichotokea. Viandike kwenye karatasi moja uiweke mbele yako. Mwisho wa simu omba jina la aliyekusikiliza na namba yoyote ya kumbukumbu, na kama siku tano za kazi zimepita bila kupigiwa, piga tena ukiomba ofisi ya Seattle, maana mashtaka yanaweza kufunguliwa pale ndege ilipotua.